Skripti yako umpe nani: prodyuza huru, studio kubwa, au uiprodyuzi mwenyewe?

Mtu akimaliza skripti, imeshapita drafti ya nne, waliosoma wameielewa, hapo ndo swali gumu linaanza: sasa nampa nani? Wengi wanalijibu kwa kuangalia nani kaja na hela nyingi au nani ana jina kubwa, wakati kinachoamua kama stori itafika kwenye skrini ikiwa bado ni ile uliyoandika ni vitu vingine kabisa, na karibu vyote viko mikononi mwa prodyuza.

Maana prodyuza anajulikana kama mtu wa kutafuta hela tu. Hela ni kazi yake ndio, lakini kabla ya hela kuna miezi na wakati mwingine miaka anayokaa na skripti, anaisoma, anatoa noti, yaani maoni ya nini kibadilike, anatafuta dairekta anayeendana na stori hiyo, anahakikisha kila haki iko kwenye karatasi, halafu hela zikishaingia yeye ndo anasimama kati ya mwandishi na kila mtu ambaye ghafla ana maoni. Kuikuza na kuilinda. Kwahiyo ukichagua prodyuza umechagua nani atafanya hizo kazi mbili na kwa masharti gani.

Njia ukizichuja zinabaki tatu. Kuna prodyuza huru anayechukua opsheni, yaani anakulipa kiasi kidogo ili kwa muda fulani awe yeye tu mwenye ruhusa ya kuihangaikia skripti na kuinunua. Kuna kuuza moja kwa moja kwa studio au jukwaa kubwa la kustrimu, ambako prodyuza anafanya kazi chini ya mwavuli wao. Na kuna wewe mwenyewe kuwa prodyuza. Nitazipima zote kwa mambo yaleyale matano: haki zinakaa kwa nani, skripti inakuzwaje, nani anailinda presha ikija, hela, na ikikwama inatokaje. Hilo la mwisho ndo watu hawaliulizi kabisa na mi naliona zito kuliko yote.

Haki zinakaa kwa nani

Tuelewane msingi kwanza. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao upo tangu 1886 na nchi karibu zote duniani zimo, hakimiliki inaanza pale unapoandika, sio pale unaposajili. Kusajili kunakupa ushahidi wa tarehe, na kwa kazi za Marekani huwezi hata kufungua kesi mahakamani kama hujasajili, kwahiyo sajili, ila usidhani ndo umemaliza. Halafu kinacholindwa ni maandishi, wazo lenyewe halilindwi. Ukimsimulia mtu kwa mdomo kwamba una stori ya mapacha wanaobadilishana kifungo jela, hapo hujashika kitu. Andika kwanza ndo uongee.

Kwenye opsheni skripti inabaki yako. Prodyuza ananunua muda, kawaida miezi 12 au 18, na mara nyingi anapewa nafasi ya kuongeza mara moja kwa kulipa tena. Muda ukiisha hajainunua, kila kitu kinarudi kwako. Sasa kwenye mkataba itafute ile sentensi inayosema muda unaishaje na uisome taratibu. "Miezi 18 kuanzia tarehe ya kusaini, unaweza kuongezwa mara moja kwa miezi 12 baada ya malipo ya kiasi hiki," hiyo ni opsheni. "Mpaka filamu itakapotengenezwa," hapo umeigawa bure. Na ile ya kusema muda utajiongeza wenyewe kama hakuna aliyetoa taarifa, ikatae, maana wewe utasahau na yeye hatakukumbusha. Kingine ni drafti mpya. Prodyuza kakupa mawazo, wewe umeyaandika, skripti imekuwa nzuri zaidi, opsheni imeisha: ile drafti mpya ni ya nani? Mkataba usiposema utabaki na ya zamani mkononi, na ile nzuri haiuziki kwa sababu kuna mtu anadai chake kimo ndani.

Kuna pia mdogo wake opsheni, makubaliano mepesi ambayo prodyuza halipi chochote, unampa tu ruhusa ya kuizungusha kwa miezi michache, haki zote zinabaki kwako na akipatikana mnunuzi unajadiliana naye mwenyewe. Sio mabaya, mradi muda uwe mfupi na yawe kwenye maandishi.

Kwa studio unauza hakimiliki yenyewe. Marekani wanaenda mbele zaidi, skripti ikiandikwa kwa ajira ya kuagizwa basi kisheria mwandishi ni kampuni, wewe ni mtu uliyelipwa kazi. Ufaransa ni tofauti, huko mwandishi ana haki ya kimaadili juu ya kazi yake, yaani jina lake litajwe na kazi isiharibiwe, ambayo hata akitaka kuiuza haiuziki. Kwahiyo mkataba uleule chini ya sheria ya nchi mbili unakupa vitu viwili tofauti. Kwenye kurasa za mwisho kuna kipengele kinachosema mkataba unaongozwa na sheria ya nchi gani, kitafute.

Ukijiprodyuzi unaanza na kila kitu, lakini usijidanganye kwamba hakuna karatasi. Rafiki uliyekaa naye mkaandika nusu ya kwanza, dairekta aliyeandika upya vipande vya kumalizia, wote hao wanahitaji kusaini kwamba michango yao imeingia kwenye kampuni ya filamu. Msambazaji na kampuni ya bima wataomba mnyororo wote wa haki, kutoka wazo mpaka drafti ya mwisho, na pengo moja tu linatosha kuizuia filamu isitoke. Halafu kumbuka ukishahamishia skripti kwenye kampuni, mwekezaji anayechukua asilimia 60 ya kampuni amechukua na skripti.

Skripti inakuzwaje

Hapa prodyuza huru mzuri hana mpinzani, na nasema mzuri kwa makusudi. Chukua mfano. Ukurasa wa 27, usiku, mvua kubwa, stendi imejaa, mabasi sita na abiria mia, dada anamfuata kaka yake kumwambia asiondoke. Kurasa nne, na kwa kipimo cha kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Prodyuza mvivu anasema futa, ghali. Prodyuza anayejua kazi anauliza: hapa mtazamaji anatakiwa ajue nini ambacho alikuwa hakijui? Unafikiri, unajibu, kwamba dada ndo aliyeuza shamba la baba. Basi anakwambia waweke ndani ya basi lililopaki, wao wawili na dereva aliyelala kwenye siti yake, mvua tuisikie tu juu ya bati. Sasa dada anatoa siri yake kwa sauti ya chini kwa sababu anaogopa kumuamsha dereva, na kaka hana pa kwenda. Imekuwa rahisi kupiga na imekuwa kali kuliko mwanzo. Noti ya namna hiyo inamwachia mwandishi kazi ya kuandika, inaleta swali badala ya kuleta mstari wa maneno ulioandikwa tayari.

Udhaifu wake ni kwamba anategemewa mtu mmoja. Kama ladha zenu haziendani mtavutana miezi yote 18. Na wengine wanaomba drafti juu ya drafti bila kulipa, kila mara "kidogo tu hapa". Weka kwenye mkataba idadi ya drafti zilizomo ndani ya hela ya opsheni, mbili kwa mfano, na ya tatu iwe na bei.

Studio ina watu. Skripti inaanza kwa msomaji anayeandika ripoti na kuweka hukumu, ikataliwe, ifikiriwe au ipendekezwe, halafu inaenda kwa mhariri wa skripti, kwa mtendaji anayesimamia ukuzaji wa skripti, kwa bosi wake, na prodyuza yuko katikati anakusanya noti za wote. Faida ipo, watu hawa wamesoma skripti nyingi mno na wanaona haraka sehemu stori inapolegea, na kila hatua ina malipo, drafti ya kwanza, ya pili, kusafisha. Shida ni noti kugongana. Mmoja anataka mhusika mkuu apendeke zaidi, mwingine anataka awe na giza zaidi, na usipokuwa na prodyuza wa kukaa nao chini wakakubaliana noti moja, utaandika zote mbili kwenye mtu mmoja na mhusika atakufa. Na studio ina haki ya kuleta mwandishi mwingine baada yako. Hilo lipo kwenye mikataba mingi sana, sio uonevu, lakini ujue unaposaini.

Ukijiprodyuzi hakuna wa kukubishia, na hiyo ndo hatari yenyewe. Lipa mhariri wa skripti wa nje, kaa na waigizaji msome skripti nzima kwa sauti mezani, sikiliza wapi wanachoka. Kama bajeti haina hata hela ya hilo basi bajeti hiyo haijakamilika.

Nani anailinda presha ikija

Presha inakuja kwa sura nyingi, mwekezaji anataka mpenzi wake apate roli, steringi anataka maneno zaidi, msambazaji anataka mwisho wa furaha, siku ya 12 seti iko nyuma ya ratiba na mtu anapendekeza kukata sini ambayo ndo inabeba stori yote.

Mfano ninaoupenda unatoka Back to the Future ya 1985, filamu ya kijana na mwanasayansi mwenye mashine ya kusafiri kwenye wakati, na nauleta kwa sababu umetokea ndani ya studio, maana watu wanadhani studio haina ulinzi. Bosi wa studio ya Universal, Sid Sheinberg, alikuwa na noti zake. Sokwe wa yule mwanasayansi awe mbwa, mwanasayansi aitwe Doc badala ya Profesa, mama wa kijana aitwe Lorraine. Zote zikakubaliwa. Halafu akaandika memo anataka filamu ibadilishwe jina iitwe Spaceman from Pluto. Steven Spielberg, prodyuza mtendaji, akamjibu kwa maandishi akimshukuru kwa utani wake mzuri, kwamba timu nzima imecheka, na suala likaishia hapo. Angalia alichofanya: zile noti tatu hazikugusa moyo wa stori zikapita, ya nne iligusa ikazuiwa, na ikazuiwa bila kumdhalilisha mwenye hela. Hiyo ndo kazi ya kulinda. Lakini angalia pia kwamba aliyejibu alikuwa Spielberg. Mwandishi peke yake asingeweza, na prodyuza asiye na uzito ndani ya studio naye asingeweza. Kwahiyo ukienda studio jina la studio lisikuzubaishe, uliza prodyuza wako ndani ya jengo lile ana nguvu kiasi gani.

Prodyuza huru uzito wake ni kwamba skripti ameibeba toka mwanzo na bila yeye hakuna dili. Anaweza kuchagua mwekezaji. Tatizo, akishakaukiwa hela ulinzi wake unapungua kila wiki, na mwekezaji wa mwisho kuingia ndo anakuwa na sauti kubwa. Muulize mapema kabisa: kitu gani kwenye hii skripti hutakubali kiguswe hata mwenye hela akitishia kuondoka? Akikutajia kitu kimoja mahususi, na ni kilekile unachokipenda wewe, huyo mtu wako. Akisema "nitalinda kila kitu" hajaisoma vizuri.

Ukiwa mwenyewe, wewe ndo mlinzi, na utajikuta unajizuia na unajikatia mwenyewe hukohuko seti saa nane usiku. Inawezekana, ila uwe na mtu mmoja, msaidizi wa uzalishaji au mhariri wa picha, aliyepewa ruhusa ya wazi ya kukwambia "hii sini usiikate".

Ulinzi wa jina nao ni ulinzi. Chini ya Writers Guild of America, chama cha waandishi wa skripti Marekani, skripti ikiwa ni yako ya kubuni toka mwanzo, mwandishi aliyeletwa baadaye lazima mchango wake ufike nusu ndo apate kredi ya skripti, yaani jina lake litajwe kama mwandishi, na mzozo unaamuliwa na waandishi wenzenu, studio haiamui. Mgomo wao wa siku 148 mwaka 2023 ukaongeza kwamba maandishi ya akili mnemba hayahesabiki kama kazi ya mwandishi. Kama uko nje ya chama cha namna hiyo, na wengi duniani tuko nje, basi kredi iandikwe kwenye mkataba wako, maneno yake na mahali itakapokaa.

Hela

Hapa sitakaa sana. Opsheni inalipa kidogo, kipimo kinachotumika sana ni kama asilimia 10 ya bei ya kununua, na bei ya kununua kwenye filamu huru mara nyingi inafungwa kwenye asilimia 2 mpaka 3 ya bajeti ikiwa na kiwango cha chini na cha juu. Studio inalipa vizuri zaidi na mapema. Kujiprodyuzi kunakula hela yako kwanza na kurudi ni mwishoni, kama itarudi.

Ila jambo moja linazihusu njia zote: asilimia ya faida halisi, yaani inayobaki baada ya gharama zote. Mwandishi Art Buchwald na prodyuza wake Alain Bernheim waliishtaki studio ya Paramount wakisema Coming to America ya 1988 imetokana na wazo alilowauzia. Mwaka 1990 jaji akakubaliana nao kwamba mkataba umevunjwa. Filamu ilikuwa imeingiza mamia ya mamilioni ya dola, na bado kwa hesabu za studio hakukuwa na faida halisi ya kugawana. Mwaka 1992 mahakama ikampa Buchwald dola 150,000 na Bernheim 750,000. Walishinda kwa sababu walikuwa na mkataba ulioandikwa na kusainiwa, na alikuwepo prodyuza aliyesimama na mwandishi mpaka mwisho. Kwahiyo ukiambiwa "tunakupa asilimia 5 ya faida", badilisha kiasi cha hiyo ndoto kiwe hela taslimu siku ya kwanza ya kupiga picha.

Ikikwama inatokaje

Skripti nyingi zinazochukuliwa hazitengenezwi. Hili likae kichwani wakati unasaini, sio baadaye.

Opsheni inajitoa yenyewe, tarehe ikifika umemaliza, na hilo ndo linanifanya niipendekeze kwa mtu mwenye skripti ya kwanza kabisa. Studio inahitaji mlango uwekwe kwa makusudi. Kuna utaratibu unaoruhusu mradi uliokataliwa uhamie studio nyingine kama itarudisha gharama za ile ya kwanza, na Back to the Future hiyohiyo ilianzia studio ya Columbia ikaachwa, ikakataliwa zaidi ya mara 40 huku na huko kabla haijafika Universal. Mikataba ya chama cha waandishi Marekani nayo inampa mwandishi nafasi ya kuirudisha skripti yake ya kubuni baada ya miaka 5 kama haijatengenezwa. Bila kipengele kama hicho skripti inalala kabatini kwao na huna la kufanya, hata kuisomesha watu huruhusiwi.

Na kuna subira ya prodyuza ambayo mkataba hauwezi kuiandika. Mwigizaji Kirk Douglas alinunua haki za kitabu cha One Flew Over the Cuckoo's Nest mwanzoni mwa miaka ya 60, akahangaika karibu miaka kumi studio zinamkatalia, akamwachia mwanae Michael Douglas, filamu ikatoka 1975 ikachukua Oscar tano kubwa, ya skripti ikiwemo. Uvumilivu huo hutauona kwa mtendaji anayebadilishwa kila baada ya muda mfupi. Lakini tuwe wa haki: mwandishi wa kitabu, Ken Kesey, aliandika skripti yake ikawekwa pembeni na akaishia kuwashtaki maprodyuza. Mradi ulilindwa, mwandishi hakulindwa. Hivyo ni vitu viwili na kwenye mazungumzo watu wanavichanganya.

Ukijiprodyuzi hakuna wa kukufungia, kinachokukwamisha ni uchovu na madeni. Jiwekee tarehe: kama mpaka siku fulani hela haijafika nusu ya bajeti, skripti inaenda kutafutiwa prodyuza.

Basi wewe uende wapi

Kama ni skripti yako ya kwanza na huna jina, nenda na prodyuza huru, opsheni fupi, drafti zimehesabiwa. Angalia filamu alizomaliza, sio alizotangaza, na ongea na waandishi wawili waliofanya naye kazi, mmoja awe ambaye filamu yake haikutengenezwa.

Kama stori yako haiwezekani bila bajeti kubwa, vita, karne nyingine, viumbe, studio ndo kwao. Ingia na prodyuza mwenye uzito mle ndani, dai kipengele cha kuirudisha na kipengele cha kredi, na ukubali moyoni kwamba kuna sehemu zitabadilika.

Kama una sini chache, waigizaji wanne, nyumba moja, na unajua hasa unataka iweje, jiprodyuzi. Hata hapo tafuta mtu wa uzalishaji wa kushika ratiba na hesabu ili wewe ubaki na stori.

Kama unahitaji hela sasa hivi, kodi imefika, uza. Hakuna aibu. Ila uza ile unayoweza kuishi bila kuiona tena, ile ya rohoni ibakize.

Kama wawili wanaitaka kwa pamoja, usiwaambie bei kwanza. Waombe kila mmoja ukurasa mmoja wa noti. Utajua nani kaisoma.

Na kama skripti imetoka kwenye kitabu cha mtu au maisha ya mtu aliye hai, hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayokusaidia mpaka haki hizo zisainiwe, kwahiyo prodyuza akikwambia "hao tutamalizana nao baadaye", mwambie alete karatasi yao kwanza ndo mkae kuzungumzia drafti.